Uzi: Sampuli moja, majina mawili. Basalti au basaniti? (Na programu za bure za petrolojia)

#1 Mpondamawe
Wakuu salaam. Sampuli ya lava nyeusi ya Rungwe, olivini inaonekana kwa macho, imepata majina mawili. Templeti ya Excel inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp inaiita basaniti/tefriti (lava zenye silika kidogo kuliko basalti). Namba zilezile nikizipitisha kwenye pyrolite (maktaba ya bure ya Python) kwa kufuata mfano nilioupata mtandaoni, inatoka basalti. Mchoro ni uleule wa TAS, unaopanga lava kwa alkali (Na2O + K2O) dhidi ya silika (SiO2).

Matokeo ya XRF (kipimo cha kemia kwa mionzi ya X), asilimia kwa uzito: SiO2 43.40, TiO2 2.60, Al2O3 13.20, Fe2O3 (chuma chote) 13.10, MnO 0.20, MgO 8.60, CaO 11.40, Na2O 2.95, K2O 1.30, P2O5 0.75, LOI (uzito unaopotea sampuli ikichomwa) 2.50. Jumla 100.00.

Ipi imekosea? Na kwa mwanafunzi asiye na hela ya leseni, vifaa gani vya bure vinatosha kwa miamba ya moto?

#2 OksidiKumi
Hakuna iliyokosea hesabu. Zimetofautiana kwenye chuma.

TAS inataka namba zilizopigwa upya hadi 100 bila maji wala CO2. Templeti imetoa LOI ikaacha chuma kama Fe2O3. Jumla inakuwa 97.50, SiO2 = 43.40/97.50 = 44.51, alkali 4.36. Upo kushoto ya mstari wa SiO2 45 unaoanzia basalti, ndani ya basaniti/tefriti.

Mfano ulioufuata kwenye pyrolite umegeuza chuma chote kuwa FeO kwanza: 13.10 × 0.8998 = 11.79. Jumla inashuka hadi 96.19, SiO2 inapanda hadi 45.12, alkali 4.42. Umevuka mstari, upo kwenye basalti.

Kumbuka kipangaji cha TAS cha pyrolite hakikufanyii usafi wowote. Unampa safu ya SiO2 na safu ya Na2O + K2O, anapanga kama zilivyo. Kugeuza chuma (recalculate_Fe) na kurudisha jumla hadi 100 (renormalise) ni kazi yako kabla ya hapo.

#3 Bakora
Yaani jina la mwamba linategemea umeandika chuma kwa herufi gani? Jiolojia bwana 😂

#4 Dada Agate
@Bakora subiri, inazidi kunoga. Kwenye mwamba halisi chuma hakipo chote kama FeO wala chote kama Fe2O3. Ndiyo maana mtafiti Middlemost mwaka 1989 alipendekeza uwiano wa Fe2O3/FeO kwa kila aina ya mwamba: basalti 0.2, basaniti na tefriti 0.3.

Weka 0.2: FeO 9.99, Fe2O3 2.00, jumla 96.39, SiO2 45.03. Basalti.
Weka 0.3: FeO 9.28, Fe2O3 2.78, jumla 96.47, SiO2 44.99. Basaniti.

Ukiamini ni basalti, hesabu inakwambia basalti. Ukiamini ni basaniti, inakwambia basaniti. Sampuli imekaa juu ya mstari kabisa, na uwiano unaochagua ndio unaoisukuma upande mmoja.

#5 Mzee wa Normu
Mnahangaika na mstari wa 45 wakati normu ya CIPW (hesabu ya kugeuza oksidi kuwa madini ya kinadharia) ipo tangu 1902. Nimeipiga kwa uwiano wa 0.2: nefelini takribani 8%, olivini takribani 16%, albiti takribani 10%. Nefelini ya normu ikipita 5%, wengi tunaita basaniti hata kama TAS imesema basalti. Na kwa kuwa olivini imepita 10%, si tefriti. Kazi imeisha.

#6 OksidiKumi
Shikamoo mzee, ila haijaisha. Piga normu hiyohiyo na chuma chote kikiwa Fe2O3, kama templeti ilivyofanya. Fe2O3 yote inakwenda kuwa hematiti, zaidi ya 13%. Haidai silika hata kidogo, tofauti na FeO ambayo ingeingia kwenye olivini na pairoksini. Silika inabaki nyingi, nefelini inashuka hadi kama 1.5%, olivini hadi kama 9%.

Olivini chini ya 10% maana yake tefriti. Kwa hiyo mwamba wenye majina mawili sasa una matatu. Normu inaathirika na chuma kuliko hata TAS.

#7 Mzee wa Normu
Marahaba. Ndiyo maana hakuna mtu wa kazi hii anayepiga normu na chuma chote kama Fe2O3. XRF inaripoti hivyo kwa sababu unga huchomwa na kuyeyushwa kwenye hewa kabla ya kupimwa, haisemi chuma kilikuwaje kwenye mwamba. Anayetaka FeO ya kweli apeleke gramu chache zipimwe kwa titresheni. Hapo ubishi wa 0.2 na 0.3 unakufa.

#8 Volkeno Kusini
Mimi nasimama kwingine. LOI ya 2.50 haijaguswa na mtu. Mwongozo wa TAS unataka mwamba mbichi: maji chini ya 2% na CO2 chini ya 0.5%. LOI moja haikuambii ni maji au ni kalsaiti iliyojaza vitundu vya gesi.

Tuseme 1% ya hiyo LOI ni CO2 ya kalsaiti. Kila 1% ya CO2 imekuja na 1.27% ya CaO. Iondoe. Kwa chuma kama FeO, jumla inakuwa 94.91 na SiO2 45.73. Kwa chuma kama Fe2O3, SiO2 ni 45.10. Njia zote mbili zinakupa basalti. Tatizo si programu, ni kalsaiti inayopunguza silika kwa kuchangamana.

#9 Dada Agate
@Volkeno Kusini hiyo ni sahihi endapo kalsiamu ililetwa na maji kutoka nje. Kama kalsaiti imetokana na plajioklesi na pairoksini za mwamba wenyewe kuoza, CaO ilikuwa yake tangu mwanzo, na ukiiondoa unaharibu analisisi. Kwanza adondoshee HCl ya 10% kwenye unga na kwenye uso uliokatwa: povu likitoka kwenye vitundu tu ni habari moja, likitoka kwenye mwamba mzima ni nyingine.

Halafu LOI yenyewe inadanganya kwenye miamba yenye chuma kingi. Ukichoma, FeO inavuta oksijeni, kila 1% ya FeO inaongeza uzito kama 0.11%. Kama FeO ya kweli ni 9.3, tanuri limeongeza takribani 1.03, kwa hiyo kilichotoka ni kama 3.5% badala ya 2.5. Basalti mbichi huweza kutoa hata LOI hasi kwa sababu hiyo.

#10 Bakora
LOI hasi! Mwamba unaingia tanurini unatoka umenenepa. Endeleeni wakuu, niko pembeni na karanga.

#11 Fundi XRF
Ninyi mnagombania 0.04 ya silika. Muulizeni kwanza maabara ilipata nini kwenye BHVO-2 siku hiyo. Ni sampuli rejea (unga wenye thamani zinazojulikana), basalti ya Hawaii ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani; SiO2 inayokubalika ni 49.9 na yenyewe imeandikwa na kosa la 0.6. Kama walisoma 50.2 au 49.6, mstari wako wa 45 ni ukungu tu. Ripoti ya maabara isiyo na sampuli rejea wala marudio haistahili desimali mbili.

Chora na kosa lako: nukta yenye mistari ya ±0.3 kwenye SiO2. Itakaa pande zote mbili, na uandike hivyo.

#12 Mpondamawe
Asanteni. Ripoti haina sampuli rejea, nitaiomba. Povu: limetoka kwenye vitundu tu, ila kidogo. Slaidi (kipande chembamba cha mwamba cha kutazama kwa hadubini) ninayo moja. Je, hadubini inaweza kumaliza ubishi?

#13 Kioo cha Polaroidi
Ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. IUGS (muungano wa kimataifa wa sayansi za jiolojia) inataka uite mwamba kwa madini yake, na TAS ni ya pale ambapo madini hayasomeki kwa udogo au kwa kioo. Kwenye QAPF (mchoro wa kupanga miamba kwa madini), basaniti inahitaji feldspathoidi (kundi la nefelini) zaidi ya 10% ya madini meupe, na olivini zaidi ya 10%.

Piga picha za slaidi nzima, fungua kwenye JMicroVision (ya bure), weka kipimo cha urefu, chagua kuhesabu nukta. Kosa ni √(p(100−p)/n). Madini yenye 30% ukihesabu nukta 300 yana kosa la 2.6, ukizidisha mara mbili ni zaidi ya 5. Nenda 1000, linashuka hadi 1.4. Nafasi kati ya nukta iwe kubwa kuliko chembe, la sivyo fuwele moja kubwa ya olivini inahesabiwa mara tano.

Ugumu wa sampuli kama hii ni nefelini ya kwenye matriksi: ndogo, haina rangi, inafanana na plajioklesi isiyo na mapacha. Kama huna jicho la hiyo, zoea kwanza kwenye Virtual Microscope ya Open University ya Uingereza. Unazungusha slaidi kwenye skrini, mwanga wa kawaida na wa polaroidi zilizopishana. Tovuti ya Alex Strekeisen ina picha nyingi zenye maelezo, inafunguka hata kwenye simu.

#14 Volkeno Kusini
Na kama nefelini imegeuka analsimu au zeoliti? Hadubini itakosa nefelini, maji yatakuwa yamebeba sodiamu, na jina litabaki basalti kwa makosa. Kwenye mwamba ulioguswa na maji mimi naangalia Zr/Ti dhidi ya Nb/Y. Hizo hazitembei ovyo.

#15 Mzee wa Normu
Mchoro huo hautenganishi basaniti na basalti alkali vizuri, mipaka yake ilichorwa kwa jicho pana. Unabadilisha kisu butu kwa kisu butu kingine.

#16 Nyundo na Bando
Ngoja nijibu swali la pili la mleta uzi kabla halijazikwa.

Kwa Windows, GCDkit. Ni bure, inakaa juu ya R. Watu wanakwama sehemu moja: kila toleo la GCDkit limefungwa kwenye toleo fulani la R. Soma ukurasa wao kwanza, ushushe R wanayoitaja, si ile mpya kabisa. Faili lako liwe maandishi yaliyotenganishwa na tabo, safu ya kwanza majina ya sampuli, vichwa viandikwe SiO2, Al2O3, Na2O kwa herufi hizohizo kubwa na ndogo.

Kwa wenye laptopu dhaifu, pyrolite kwenye Google Colab. Unafungua kwenye kivinjari, unaandika !pip install pyrolite, hesabu zinafanyika huko kwao. Bando linaliwa kidogo kuliko kushusha Python nzima. Kwa vipimajoto na vipimashinikizo vya madini, Thermobar, nayo ni Python. Kwa umri wa isotopu, IsoplotR inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusanikisha kitu.

Jambo la Excel: sampuli ukiiita MAR-12 itageuzwa kuwa tarehe, na ukishahifadhi hakuna kurudi. Andika MR_12. Na "<0.5" ya chini ya kikomo cha kipimo usiibadilishe kuwa sifuri, mchoro wa logarithimu utavunjika. Iache tupu.

#17 OksidiKumi
Naongezea data za kulinganisha. GEOROC (hifadhidata ya kemia ya miamba), iliyoanzia Mainz na sasa iko Göttingen, ina mafaili yaliyokwisha kukusanywa. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lipo kwenye kundi la volkano za mabonde ya ufa. EarthChem ya Columbia inatafuta kwenye hazina kadhaa kwa mpigo, GEOROC ikiwemo.

Usichore moja kwa moja. Ndani ya faili moja kuna mwamba mzima, kioo, madini na mijumuisho, chuja kwanza safu ya aina ya sampuli. Chuma kimeandikwa kwa mitindo mitatu au minne kwenye safu tofauti, unganisha kuwa FeO jumla. Halafu rudi kwenye marejeo ya kila mstari: uchambuzi wa miaka ya 1960 na wa ICP-MS (kipimo cha kisasa cha elementi ndogondogo) wa juzi vinakaa bega kwa bega, ilhali Nb zao hazilingani kwa ubora.

#18 Bi Lantani
Mkifika kwenye chati za REE (elementi adimu za ardhini, La, Ce, Eu na wenzake), taja umegawanya kwa namba za nani. La ya kondraiti (vimondo vinavyotumika kama kigezo) kwa Boynton 1984 ni 0.310, kwa Sun na McDonough 1989 ni 0.237. Mchoro wa kwanza unakaa chini kwa karibu robo, na mtu anaandika kwamba lava zake "zimepungukiwa" ukilinganisha na za jirani. Hazijapungukiwa na chochote, kagawanya kwa namba nyingine.

Na mstari ukienda kama meno ya msumeno, La juu, Ce chini, Pr juu, usitafute maelezo ya magma. Maabara, au umechanganya safu.

#19 Kimwamba
@Bi Lantani niko na lava zina Ba ya juu sana na Eu imeinuka juu ya Sm na Gd. Nilisema ni plajioklesi imekusanyika. Sawa?

#20 Bi Lantani
Huenda. Kwenye ICP-MS, bariamu ikishikana na oksijeni inapata uzito uleule wa uropiamu: 135Ba na 16O ni 151, 137Ba na 16O ni 153. Zote mbili ndizo isotopu za Eu. Ba ikiwa maelfu ya ppm na maabara haikusahihisha, Eu inapanda bila plajioklesi yoyote. Chora Eu/Eu* (Eu iliyopimwa kwa Eu inayotarajiwa kutoka Sm na Gd) dhidi ya Ba, na Eu/Eu* dhidi ya Sr. Ikifuata Ba bila Sr, shuku kipimo.

#21 Fundi XRF
Au kinu. Kinu cha tangsteni kabidi kinaacha W na Co, mara nyingine Ta na Nb. Cha chuma cha kromu kinaacha Cr na Fe. Eu hakiigusi, lakini wenye michoro ya Nb-Ta waulize unga ulisagwa na nini. Agate ni safi, ila inachukua muda na maabara wanaikwepa.

#22 Bakora
Swali la kijinga wakuu. Hiyo MELTS inayosifiwa, programu ya kuiga magma ikipoa, nikiiwekea lava ya Oldoinyo Lengai itanipa nini?

#23 Mzee wa Normu
Itakupa takataka yenye desimali nne.

#24 Dada Agate
Mzee kafupisha mno. MELTS ya Ghiorso na Sack ya 1995, na rhyolite-MELTS ya 2012, ni modeli za kimiminika cha silikati. Natrokabonatiti (lava ya kaboneti yenye sodiamu) ya Lengai ina SiO2 chini ya 1%, Na2O na CO2 kila moja kama theluthi ya mwamba, na inatoka chini ya nyuzi 600. Iko nje kabisa ya ulingo. Hata TAS haina sehemu yake. Nefeliniti na fonoliti za mlima huohuo unaweza kujaribu, kwa tahadhari, maana modeli hizi hutetereka penye amfiboli na biotaiti.

Kwa sampuli ya #1 inafaa kama zoezi. Ingiza oksidi, weka H2O 0.5 na pia 1.0, shinikizo kilobari 1 halafu 5, oksijeni kwenye QFM (kiwango rejea cha oksijeni), tafuta likwidasi (joto ambalo fuwele ya kwanza inatokea), kisha shuka nyuzi 5 kwa hatua. Hapo Fe2O3 na FeO modeli inagawa yenyewe kwa QFM. Toleo la Excel linaita seva kwa intaneti, mtandao ukikatika katikati hesabu inakufa. alphaMELTS inakaa kwenye mashine yako.

#25 OksidiKumi
Kwa hiyo QFM nayo ni dhana ya nne ya chuma. Haya.

#26 Mnakuru
Watu wa Tanzania mnajisifu na Lengai, na sisi Kenya tuna kenaiti, fonoliti ambayo mwanajiolojia Gregory aliipa jina la Mlima Kenya. Inapatikana pia Mlima Erebus, Antaktika. Na kwa wanaofanya Olkaria: TAS inawaambia "raiolaiti" tu na kuwaacha hapo. Zile ni za alkali kupindukia, molekuli za Na2O + K2O zinapita Al2O3. Tumia mchoro wa Macdonald wa 1974: Al2O3 ikizidi 1.33 × FeO jumla + 4.4 ni komenditi, ikipungua ni panteleriti.

#27 Kimwamba
Mnakuru, Gregory huyohuyo ndiye mwenye jina la madini ya grigoriaiti ya Lengai, na nyerereiti ni ya Mwalimu. Tumegawana sawa.

#28 Mnakuru
Sawa, sare. Sasa niulize: nimeahidiwa kipande cha lava ya Lengai. Nitakisaga kwa njia ya kawaida?

#29 Fundi XRF
Usikioshe kwa maji kwa hali yoyote. Grigoriaiti na nyerereiti zinayeyuka, unamwaga sodiamu kwenye sinki. Hata unyevu wa hewa unatosha: lava ikitoka ni nyeusi, ndani ya muda mfupi inaanza kuwa nyeupe, na hiyo nyeupe si mwamba uleule tena. Kama kipande ulichoahidiwa ni cheupe, maabara itakupimia mabadiliko ya hewa, si magma.

Kikiwa cheusi bado, kiingie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na silika jeli pale pale mlimani. Kukata, tumia mafuta au kata kavu. Na usikubali LOI ya nyuzi 1000 kwa huyo, alkali nazo zinapaa na CO2. CO2 ipimwe peke yake.

#30 Mnakuru
Shukrani. Picha aliyonitumia inaonyesha rangi ya majivu hivi. Tuseme kijivu-nyeupe.

#31 Bakora
Pole.